Seva ya nyumbani inaposuasua: Pima kwanza, nunua baadaye

WAFANYABIASHARA wengi wa ngazi ya kati na ya chini siku hizi hutunza kumbukumbu za biashara nyumbani, katika kompyuta ndogo yenye diski 1 au 2 ambayo mafundi huiita seva. Humo huwekwa vitabu vya hesabu, ankara, picha za bidhaa, nakala za risiti na picha za kamera za ulinzi. Lakini baada ya miezi michache malalamiko huwa yale yale. Faili zinahama kwa kusuasua, kazi ya dakika 10 inakula jioni nzima, na fundi anashauri inunuliwe mashine mpya.

Ushauri huo mara nyingi humtia mwenye mali hasara. Kusuasua kwa seva si ugonjwa mmoja, na mashine yenyewe ndiyo inayopaswa kushukiwa mwisho. Faili inapohama kutoka kompyuta moja kwenda nyingine hupita kwenye diski, waya, swichi, waya mwingine, kichakato cha seva, kisha diski ya pili. Kasi ya safari nzima ni kasi ya kipande kilicho dhaifu kuliko vyote. Anayenunua diski mpya wakati kasoro iko kwenye waya anabaki na kasi ile ile, na fedha zimekwisha kutoka mfukoni.

Habari njema ni kwamba kasoro hizo huacha alama. Kila kipande kina kikomo chake kinachojulikana, na namba inayoonekana kwenye kioo cha kompyuta wakati wa kunakili mara nyingi inatosha kuonyesha pa kuanzia.

HASARA YA KUSUBIRI

Chukua mfano wa muuza vipuri vya magari wa Kariakoo mwenye kumbukumbu za gigabaiti 400. Kila mwisho wa mwezi huzinakili zote kutoka kompyuta ya mezani kwenda kwenye seva iliyoko sebuleni. Kwa kasi ya megabaiti 110 kwa sekunde, kazi hiyo huchukua kama saa 1. Kwa kasi ya megabaiti 11 kwa sekunde, huchukua kama saa 10.

Kazi ya saa 1 humalizika kabla ya kulala. Kazi ya saa 10 hukesha, na katika usiku huo umeme unaweza kukatika, kompyuta inaweza kujizima, au mtu wa nyumbani akachomoa waya ili achaji simu. Baada ya kushindwa mara 2 au 3, mwenye mali huacha kunakili. Siku diski ya kompyuta yake inapokufa, ndipo anapogundua kwamba nakala ya mwisho ina umri wa mwaka mzima.

Jambo hilo lina upande wa sheria pia. Sheria za utaratibu wa kodi za Tanzania na Kenya, zote za mwaka 2015, zinamtaka mlipa kodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Aliyepoteza ankara za miaka 3 iliyopita anakuwa na kazi ngumu ya kujieleza mbele ya mkaguzi. Kwa hiyo kasi ya seva ni suala la usalama wa mali pia.

BITI NA BAITI

Kabla ya kupima, mnunuzi anapaswa kuelewa jambo moja ambalo limewachanganya wengi. Wauzaji wa vifaa vya mtandao hutaja kasi kwa biti, lakini kompyuta inaponakili faili huonyesha kasi kwa baiti. Baiti 1 ni sawa na biti 8.

Hivyo basi, swichi iliyoandikwa gigabiti 1, yaani megabiti 1,000 kwa sekunde, haiwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde. Sehemu fulani ya kasi hiyo hutumika kubeba anwani na taarifa za ukaguzi wa vifurushi, kwa hiyo kinachobaki kwa faili ni megabaiti 110 hadi 118. Vivyo hivyo, njia ya megabiti 100 ina kikomo cha megabaiti 12.5, na kwa hali halisi hutoa kama 11.

Anayelalamika kwamba alinunua kifaa cha 1,000 na anapata 112 tu hajaibiwa. Kifaa chake kinafanya kazi kikamilifu na hakuna cha kutengeneza. Anayepata 11 katika nyumba yenye vifaa vya gigabiti 1 ndiye mwenye kasoro.

NAMBA HUONYESHA PA KUANZIA

Namna bora ya kuanza ni kunakili faili moja kubwa, kwa mfano filamu ya gigabaiti 5 au zaidi, na kutazama namba inayotulia baada ya dakika 1 au 2. Majibu ya kawaida ni haya:

Megabaiti 11 hadi 12: mahali fulani njiani pana kipande cha megabiti 100. Inaweza kuwa waya, swichi, ruta au kompyuta yenyewe.

Megabaiti 30 hadi 40: diski ya nje imechomekwa kwenye tundu la USB 2.0, ambalo kikomo chake ni megabiti 480 kwa sekunde, au waya wa USB ni wa zamani. Kasi hiyo hiyo huonekana pia kwenye kompyuta ndogo zenye kichakato dhaifu.

Megabaiti 110 hadi 118: njia ya gigabiti 1 imejaa. Hakuna kasoro.

Inaanza kwa kasi kubwa kisha inaporomoka: faili za mwanzo zimepokelewa na kumbukumbu ya muda ya seva. Inapojaa, diski yenyewe ndiyo inayoonyesha uwezo wake.

Inapanda na kushuka bila mpango: mara nyingi ni Wi-Fi, au waya wenye hitilafu.

Inasimama kabisa kwa sekunde kadhaa, kisha inaendelea: hii ni dalili ya hatari. Diski inaweza kuwa inakufa, na maelezo yake yako hapa chini.

WAYA NANE

Kasoro inayotokea mara nyingi ndiyo yenye tiba ya bei ndogo kuliko zote. Waya wa mtandao una nyuzi 8 ndani yake, zilizosokotwa kwa jozi 4. Mtandao wa megabiti 100, ambao kanuni zake zilitolewa mwaka 1995, hutumia jozi 2 tu. Mtandao wa gigabiti 1 kwa nyaya za shaba, wa mwaka 1999, unahitaji jozi zote 4.

Maana yake ni kwamba uzi mmoja ukikatika, au kichwa cha waya kikibanwa vibaya, vifaa viwili vilivyounganishwa haviachi kuzungumza. Huweza kukubaliana kimya kimya kushuka hadi megabiti 100 na kuendelea na kazi. Taa inawaka, intaneti inafunguka, na mwenye nyumba haoni dalili yoyote isipokuwa faili kwenda pole.

Ukaguzi wake ni rahisi. Katika kompyuta ya Windows, sehemu ya taarifa za mtandao huonyesha kasi ya kiungo. Ikisomeka 100 badala ya 1,000, tatizo limepatikana. Kwenye swichi nyingi rangi ya taa hutofautiana kati ya megabiti 100 na gigabiti 1, na kijitabu cha swichi huonyesha rangi ipi ni ipi. Tiba ni kubadilisha waya mmoja baada ya mwingine huku namba ikitazamwa.

Mnunuzi wa waya anapaswa kuwa macho. Madukani zipo nyaya ambazo nyuzi zake ni za aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Huuzwa kwa bei nafuu, ni nyepesi mkononi, na hukatika upesi zikikunjwa mara kwa mara. Uzi wake ukikwaruzwa kwa kisu huonekana mweupe ndani, wakati shaba halisi ni nyekundu hadi katikati. Kwa nyumba ya kawaida, waya wa daraja la Cat 5e wa shaba tupu unatosha kwa gigabiti 1 hadi umbali wa mita 100. Hakuna sababu ya kulipia daraja la juu zaidi kwa waya wa mita 2.

RUTA YENYE NAMBA KUBWA

Chanzo cha pili cha megabaiti 11 ni ruta. Ruta nyingi za bei nafuu zina matundu ya waya ya megabiti 100 tu, ingawa kwenye boksi imeandikwa 300 au 1200 kwa herufi kubwa. Namba hiyo ni ya Wi-Fi, tena ni jumla ya masafa yote yakiwekwa pamoja. Kasi ya matundu ya waya huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya boksi, na wanunuzi wachache hufika huko.

Tiba yake si lazima iwe ruta mpya. Swichi ndogo ya gigabiti 1 yenye matundu 5 inatosha. Kompyuta na seva huchomekwa kwenye swichi hiyo, na waya mmoja kutoka kwenye swichi huenda kwenye ruta kwa ajili ya intaneti. Faili zinazohama kati ya kompyuta na seva hukatia kwenye swichi bila kupita katika ruta. Ruta inabaki na kazi yake ya kuleta intaneti, ambayo katika nyumba nyingi haifiki hata hiyo megabiti 100.

WI-FI NA DUKANI

Wi-Fi ni njia moja inayotumiwa na vifaa vyote vya nyumbani kwa zamu. Simu ya mtoto, televisheni na kompyuta ya mezani hugombania hewa ile ile. Seva nayo ikiwa kwenye Wi-Fi, kila kifurushi husafiri hewani mara 2, kwanza kutoka kompyuta hadi kwenye ruta, kisha kutoka ruta hadi kwenye seva, na kasi hugawanyika nusu kwa nusu au zaidi.

Kanuni ni kwamba seva ichomekwe kwa waya siku zote, hata kama kompyuta zinazoitumia ziko kwenye Wi-Fi. Kwa kazi kubwa ya kunakili, kompyuta nayo ichomekwe kwa muda. Penye ulazima wa Wi-Fi, masafa ya gigahezi 5 yana kasi kuliko yale ya 2.4, ila hayapenyi vizuri kuta za zege.

Hali ni tofauti kwa anayefungua seva ya nyumbani akiwa dukani kupitia intaneti. Hapo kikomo ni kasi ya kupandisha ya intaneti ya nyumbani, ambayo katika vifurushi vingi huwa ndogo kuliko kasi ya kushusha inayotangazwa. Hakuna diski wala swichi itakayobadilisha hilo. Anayehitaji faili dukani kila siku afadhali aende nazo kwenye diski ya mkononi.

KUUTENGA MTANDAO NA DISKI

Baada ya nyaya kukaguliwa, swali linalobaki ni kama kasoro iko kwenye mtandao au kwenye diski. Iko programu ya bure iitwayo iperf3 inayojibu swali hilo kwa sekunde 10. Huwashwa kwenye seva na kwenye kompyuta, na hutuma data kutoka kumbukumbu ya moja hadi kumbukumbu ya nyingine bila kugusa diski yoyote.

Ikionyesha karibu megabiti 940 kwa sekunde, mtandao wa gigabiti 1 ni mzima, na kasoro itafutwe kwenye diski au kichakato. Ikionyesha karibu 94, kipande cha megabiti 100 bado kipo njiani. Ikionyesha namba ya katikati, kama 300 au 600, huku ikihesabu vifurushi vingi vilivyotumwa upya, waya au kichwa chake kina hitilafu. Kipimo kifanywe pande zote 2, kwani wakati mwingine kwenda ni kuzuri na kurudi ni kubaya.

Kipimo hiki kina faida kubwa kwa mnunuzi kwa sababu humwondolea fundi nafasi ya kubahatisha. Anayedai kwamba seva imechakaa aombwe kwanza aonyeshe namba za iperf3.

FAILI NDOGO ELFU MOJA

Wapo wanaopata megabaiti 110 kwa filamu moja, lakini megabaiti 3 kwa folda la risiti. Hiyo si hitilafu. Kwa kila faili, kompyuta na seva hulazimika kusalimiana, kufungua jina, kuandika, kuhakikisha na kufunga. Kwa faili kubwa taratibu hizo hufanyika mara 1. Kwa risiti 50,000 hufanyika mara 50,000, na diski ya sahani zinazozunguka hulazimika kurusha mkono wake huku na kule kila mara. Programu ya kuzuia virusi ikikagua kila faili, mwendo huzidi kupungua.

Tiba ni kuzifunga risiti za mwezi mzima katika faili moja la zip kabla ya kuzihamisha, au kutumia programu ya kunakili inayopeleka tu zile zilizobadilika. Kwa njia hiyo ya pili, muuza vipuri wa mfano wetu hana haja ya kupeleka gigabaiti 400 kila mwezi. Atapeleka zile chache za mwezi huo.

DISKI ZA VIGAE

Mtandao ukiwa mzima na faili ikiwa kubwa, lakini kasi ikaporomoka baada ya muda, aina ya diski ndiyo ya kutazamwa. Hapa ndipo soko lilipotoa funzo kubwa mwaka 2020.

Diski ya kawaida huandika data katika mistari iliyokaa upande kwa upande. Ili kuongeza nafasi bila kuongeza sahani, watengenezaji walibuni njia iitwayo SMR, ambayo mistari hulaliana kama mabati juu ya paa. Kusoma hakuna shida. Lakini anayetaka kubadilisha bati la katikati hulazimika kuinua yaliyolala juu yake, na diski ya aina hiyo nayo hulazimika kuandika upya mistari ya jirani. Ili kuficha ucheleweshaji huo, diski huwa na eneo dogo la kawaida linalopokea data kwanza. Kwa kazi ndogo mtumiaji haoni tofauti. Kwa kazi ya gigabaiti mamia eneo hilo hujaa, na kasi inaweza kushuka hadi megabaiti chache.

Mwezi Aprili 2020 ilifichuka kwamba kampuni ya Western Digital ya Marekani ilikuwa imeweka teknolojia hiyo katika baadhi ya diski za jina la Red za terabaiti 2 hadi 6, ambazo ziliuzwa mahususi kwa ajili ya seva za hifadhi, bila kuwatangazia wanunuzi. Kampuni ilitoa orodha ya diski zinazohusika, na mwaka huo huo ikaanzisha jina la Red Plus kwa diski za aina ya kawaida. Baadhi ya wanunuzi wa Marekani walikwenda mahakamani, na shauri likaisha kwa makubaliano ya kuwalipa.

Uzito wa jambo hilo ulionekana katika jaribio la chombo cha ServeTheHome cha Marekani mwaka 2020. Diski ya SMR ya terabaiti 4 ilipowekwa mahali pa diski iliyoharibika katika kundi la diski, kazi ya kujaza data upya ilichukua zaidi ya siku 9. Diski za kawaida zilimaliza kazi hiyo chini ya siku 1. Katika siku hizo zote kundi linabaki na kinga pungufu, na diski nyingine ikianguka hasara inaweza kuwa ya kila kitu.

Funzo kwa mnunuzi ni kusoma namba kamili ya diski, si jina la boksi. WD40EFRX na WD40EFAX zote ziliuzwa kwa jina la Red na zote ni za terabaiti 4, lakini ya kwanza ni ya kawaida na ya pili ni SMR. Watengenezaji sasa hutoa orodha zao, na dakika 5 za kutafuta namba kabla ya kulipa zinatosha. Diski za SMR si mbovu. Zinafaa kwa kumbukumbu zinazoandikwa mara 1 na kusomwa baadaye, mradi mnunuzi anajua anachonunua na analipa bei inayolingana.

DISKI INAYOKUFA

Hali ambayo haipaswi kusubiri ni ile ya diski inayosimama na kuendelea. Sehemu ya sahani inapoharibika, diski hujaribu kuisoma tena na tena kabla ya kukata tamaa, na muda huo wote mtumiaji huona kasi imekuwa sifuri. Wengi huita hali hiyo uzembe wa mashine. Kwa kweli huenda diski inatoa ilani ya mwisho.

Kila diski ya kisasa hutunza taarifa za afya yake, ziitwazo SMART, na programu za bure kama CrystalDiskInfo huzisoma. Mistari 3 ndiyo ya kutazamwa kwanza. Mstari wa 5 huhesabu sehemu zilizokufa na kuhamishwa. Mstari wa 197 huhesabu sehemu zinazoshukiwa. Hizi 2 zikiwa juu ya sifuri na zikiendelea kupanda, data ihamishwe siku hiyo hiyo, na majaribio ya kasi yasimamishwe kwani yanazidi kuichosha diski. Mstari wa 199 ni tofauti. Huhesabu makosa kati ya diski na bodi, na kupanda kwake mara nyingi maana yake ni kwamba waya mfupi wa diski umelegea au ni mbovu. Wapo waliotupa diski nzima kwa sababu ya waya huo.

Wanaonunua diski zilizotumika wanahitaji tahadhari zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 wanunuzi wa Ujerumani na nchi nyingine za Ulaya waligundua kwamba diski za Seagate walizouziwa kama mpya na baadhi ya wafanyabiashara zilikuwa zimefanya kazi maelfu ya saa, na hesabu ya saa katika SMART ilikuwa imerudishwa nyuma. Udanganyifu huo ulibainika kupitia kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM, ambayo haikuwa imeguswa. Kwa mnunuzi wa hapa nyumbani, diski isiyo na dhamana ya maandishi ithaminiwe kama mtumba, hata ikiwa ndani ya karatasi mpya.

MASHINE YENYEWE

Mashine hushukiwa baada ya hayo yote kupita. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 3B, inayopendwa kwa bei yake, ina tundu la mtandao la megabiti 100, na haitavuka megabaiti 11 kwa waya wowote. Ndugu yake wa mwaka 2018, 3B+, ana tundu la gigabiti 1 lakini limepitishwa ndani kwenye njia ya USB 2.0, hivyo hukomea kama megabiti 300. Ya mwaka 2019, Raspberry Pi 4, ndiyo ya kwanza katika ukoo huo yenye gigabiti 1 kamili.

Usimbaji wa diski kwa siri, ambao ni kinga nzuri dhidi ya wezi, nao huelemea vichakato visivyo na uwezo wa ndani wa kazi hiyo. Raspberry Pi 4 haina uwezo huo. Ile ya 5 ya mwaka 2023 inao. Dalili yake ni kichakato kufanya kazi kwa asilimia 100 wakati faili zinahama. Hapo, na hapo tu, kubadilisha mashine kuna maana.

MPANGO WA UKAGUZI

Kwa muhtasari, mfanyabiashara ambaye seva yake inasuasua anashauriwa kufuata mpango huu, kuanzia kisicho na gharama:

1. Asome SMART ya kila diski. Ikiwa na ilani, ahamishe data kwanza na asiendelee na jingine lolote.

2. Anakili faili moja kubwa na aandike namba inayotulia.

3. Atazame kasi ya kiungo kwenye kompyuta na kwenye seva. Ikiwa 100, abadilishe waya, kisha akague matundu ya ruta.

4. Aondoe Wi-Fi katika kipimo kwa kuchomeka waya pande zote 2.

5. Apime mtandao peke yake kwa iperf3.

6. Akague namba ya diski kama ni ya SMR, na tundu la USB kama ni la 2.0.

7. Atazame kichakato wakati wa kunakili.

8. Baada ya kila badiliko apime upya, na abadilishe kitu 1 tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha vitu 3 kwa mpigo hajui ni kipi kilichotibu, na atalipia vyote 3 tena mwaka ujao.

Ununuzi una mahali pake. Anayefikia megabaiti 112 na bado kazi yake inachelewa, kwa mfano mpiga picha za harusi au mtengeneza filamu, anaweza kufikiria vifaa vya gigabiti 2.5, ambavyo vinaweza kutumia nyaya zile zile za Cat 5e. Lakini diski moja ya sahani kwa kawaida husoma megabaiti 150 hadi 250 kwa sekunde, kwa hiyo kwa diski kama hiyo hakuna faida ya kupanda juu zaidi ya hapo. Kwa mwenye duka anayetunza ankara na picha za bidhaa, gigabiti 1 inamtosha.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye daftari lake ndani ya seva na apime leo, wakati diski bado inasomeka.